Citroën DS na mafuta yasiyo yake

Mhariri,

Ukurasa wenu wa magari uliorodhesha magari yaliyotangulia zama zake, na Citroën DS ikaambulia aya moja: gari la Kifaransa la 1955, zuri wa kutazama, laini kama godoro, lakini la barabara za lami tu, huku kwetu mashimo yangelimaliza mapema. Tunaomba nafasi tujibu. Kauli hiyo inarudiwa gereji baada ya gereji, na ndiyo inayofanya mafundi wang'oe mifumo mizima ambayo ingepona kwa kopo moja la mafuta sahihi.

Tuanze na hayo mashimo. Mwaka 1959 ID 19, ndugu wa DS wa bei nafuu, ilishinda mbio za Monte Carlo. Mtu atasema hizo ni za theluji na lami. Haya, 1969 na 1970 DS 21 ilishinda mbio za Morocco, ambazo ni mawe na vumbi, na 1974 DS 23 ikashinda London–Sahara–Munich, mbio zilizoshuka hadi kuvuka jangwa na kurudi Ulaya, zikiacha magari mengi njiani. Barabara mbovu si adui wa gari hili. Adui wake yuko kwenye rafu ya duka la vipuri, na tutamfikia.

Wengi hudhani maajabu ya DS ni bodi yake. Bodi ni kazi ya Flaminio Bertoni, na kweli ilipooneshwa Paris mwezi Oktoba 1955 watu walipanga foleni kuiagiza. Lakini chini ya boneti kulikuwa na injini ya silinda nne, cc 1911, iliyotokana na ile ya Traction Avant, gari la Citroën la miaka ya 1930. Walitaka kuweka injini mpya ya silinda sita, ikashindikana. Kwa hiyo gari la kesho lilizaliwa na moyo wa jana. Upya wenyewe ulikuwa kazi ya Paul Magès, mtu asiyekuwa na shahada ya uhandisi, aliyeamua kwamba mafuta yenye presha yanaweza kufanya kazi ya springi, ya shokapu, ya mguu wa dereva kwenye breki, ya mkono wake kwenye usukani na gia, yote kwa pampu moja.

Mfumo wenyewe ni huu. Pampu yenye pistoni saba huzungushwa na mikanda ya injini. Hunyonya mafuta kwenye tangi dogo na kuyasukuma kwenye rejuleta iliyoungwa na akumuleta, yaani tufe la chuma lenye gesi ya kuhifadhi presha. Rejuleta hufunga presha ikifika takriban bar 175, na kufungua tena ikishuka karibu na 150. Tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo; fanya hesabu mwenyewe uone kwa nini hatutanii tunaposema paipu hizi haziguswi ovyo. Kutoka hapo mafuta huenda kwenye breki, usukani, klachi, gia na magurudumu manne.

Kila gurudumu lina silinda, na juu ya silinda kuna tufe. Ndani ya tufe mna kiwambo cha mpira: upande mmoja naitrojeni, upande wa pili mafuta. Gurudumu likipanda tuta, pistoni husukuma mafuta, mafuta husukuma kiwambo, gesi hubanwa. Gesi ndiyo springi. Kwenye shingo ya tufe kuna vali yenye matundu madogo inayopunguza mwendo wa mafuta, na hiyo ndiyo shokapu. Matufe ya mbele hujazwa takriban bar 60, ya nyuma chini ya nusu ya hapo, kwa kuwa uzito mwingi uko mbele. Ukiyabadilishana, mbele patagonga na nyuma patakakamaa, na fundi atatafuta kosa mahali ambapo halipo.

Springi ya chuma ikibebeshwa mzigo hukaa chini na haiinuki hadi mzigo utoke. Hapa sivyo. Stabilaiza, yaani fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ya mbele na ya nyuma kila moja imeungwa na vali inayorekebisha kimo. Watu watatu wakipanda nyuma, stabilaiza hujizungusha kidogo, vali hufunguka, mafuta huongezwa, na baada ya sekunde chache gari linarudi kimo chake. Wakishuka, mafuta ya ziada yanarudi kwenye tangi. Vali imecheleweshwa makusudi isijibu kila shimo. Na nguvu ya breki za nyuma hufuata presha ya saspensheni ya nyuma, kwa hiyo gari likibeba mizigo breki za nyuma huongezeka nguvu zenyewe, na likiwa tupu hupungua ili magurudumu yasifunge. Hakuna kompyuta hapo. Ni mafuta na vali tu, mwaka 1955.

Kuna jambo la jiometria ambalo husahaulika. Mhimili wa kugeukia wa magurudumu ya mbele unapita katikati kabisa ya tairi, hivyo tairi likipasuka usukani hauvutwi upande. Tarehe 22 Agosti 1962 huko Petit-Clamart, DS ya Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa ilipigwa risasi, matairi yakatobolewa, na dereva akaendelea kwa kasi hadi wakatoka hatarini.

Sasa adui tuliyemtaja. DS za mwanzo, kuanzia miaka ya 1950 hadi 1966, zilitumia kwanza mafuta ya mimea, kisha mafuta mekundu ya sintetiki yaitwayo LHS. Yote mawili yana tabia ileile ya mafuta ya kawaida ya breki: hunywa unyevu wa hewa. Maji yakiingia, vali za chuma hupata kutu kwa ndani. Vali hizo zimesagwa kwa usahihi wa elfu chache tu za milimita, hazina sili. Kinachozuia mafuta yasipite ni ukaribu wa chuma na chuma. Punje ya kutu usiyoiona kwa macho inatosha kuikwamisha. Kwa miji ya pwani, Tanga hadi Mtwara, Mombasa, Unguja, hewa peke yake ni hasara kwa gari la LHS lisilobadilishwa mafuta. Kwa gari hilo tungesema mafuta yabadilishwe kila mwaka, hata kama limetembea kilomita mia tano tu.

Mwaka 1966, kwa magari ya modeli ya 1967, kiwanda kikahamia LHM, mafuta ya madini yenye rangi ya kijani, yasiyonywa maji. Marekani iliendelea na LHS kwa miaka michache zaidi. Sehemu za mfumo mpya zikapakwa kijani ili fundi asikosee. Fundi akakosea.

Anachofanya ni hiki. Anaona kiwango kimeshuka, anaona mfumo huu ndio wa breki, anachukua mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 dukani na kujaza. Sili za gari la LHM ni za mpira unaovumilia mafuta ya madini. Zikikutana na mafuta ya breki huvimba na kulainika. Siku ya kwanza hakuna kinachoonekana. Baada ya muda gari linachelewa kuinuka asubuhi, kisha breki zinabaki zimekamata, kisha usukani unakuwa mzito, mwisho mafuta yanavuja kila mahali kwa pamoja. Hapo ndipo mwenye gari anaambiwa, "Si tulikwambia, magari haya si ya huku." Kinyume chake nacho huua vilevile: LHM kwenye gari la LHS huharibu mipira yake, maana ile ni ya jamii nyingine.

Ikiwa mafuta yasiyo yake yamemwagwa kwenye tangi la gari la LHM, yaani la kijani, na injini haijawashwa, usiiwashe. Nyonya tangi lote kwa bomba la sindano, toa kichujio, safisha kwa petroli, kausha kwa hewa, futa tangi, jaza upya. Kazi ya saa moja. Ikiwa injini imewashwa hata kwa dakika kumi, mafuta hayo yameshafika kwenye akumuleta na breki. Mfumo wote umwagwe, usafishwe kwa mafuta maalumu ya kusafishia, na sili zikaguliwe moja moja. Na ukikwama njiani na gari la kijani bila LHM, ATF nyepesi ya gia otomatiki itakufikisha nyumbani kwa sababu nayo ni ya madini. Ukifika, imwage. Mafuta ya breki usiguse hata kwa dharura.

Jambo la pili linaloua ni vumbi, na hapa tunakubali kwamba barabara zetu zinachangia. Silinda za saspensheni zimefunikwa kwa buti za mpira. Buti ikichanika, vumbi la laterati, ule udongo mwekundu, linakaa kwenye fimbo ya pistoni na kuikwaruza, na fimbo iliyokwaruzwa itavuja hata ukiweka sili mpya. Buti ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huu, na ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Kagua kila mnapobadilisha oili ya injini. Paipu za mpira zinazorudisha mafuta kwenye tangi hazina presha kubwa, lakini hupasuka kwa uzee na joto la injini, na mafuta yakidondoka mbele ya gari watu hulaumu pampu. Angalia paipu kwanza. Pampu hizi ni ngumu kufa.

La tatu ni gesi. Naitrojeni hupenya kiwambo polepole hata gari likiwa limeegeshwa, kwa hiyo tufe lina umri wake, miaka michache tu. Dalili inawapotosha wengi: gesi ikiisha gari halilali, linakuwa gumu kama mkokoteni. Mafuta hayabanwi, na tufe likijaa mafuta matupu huna springi tena. Kupima ni rahisi. Washa injini, subiri gari liinuke, kaa kwa kishindo juu ya bampa ya nyuma. Likizama na kurudi, gesi ipo. Likikataa kama umekaa juu ya jiwe, tufe limekufa. Akumuleta nayo hupimwa kwa sikio: injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, sikiliza mlio mdogo wa "tak" wa rejuleta. Ukisikika kwa nafasi ndefu, nusu dakika hivi, ni salama. Ukilia kila baada ya sekunde mbili tatu, akumuleta haina gesi, na pampu inafanya kazi bila kupumzika.

Matufe ya DS yana sifa ambayo yale ya Citroën nyingi zilizofuata hayana: hufunguliwa nusu kwa nusu, kiwambo kikabadilishwa. Kujaza gesi kunahitaji kifaa cha kubana skrubu ya juu bila kuachia presha, kipimo, na mtungi wa naitrojeni kavu. Mafundi wa friji na viyoyozi wanayo mitungi hiyo, huitumia kupimia uvujaji, kwa hiyo kusema huduma hii haiwezekani hapa ni uvivu. Ila tusikilizane: naitrojeni, si hewa ya kompresa, na kamwe si oksijeni ya mchomeleaji. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka bila kiberiti. Mitungi hufanana kwa mbali. Soma maandishi, usitegemee rangi.

Kabla ya kufungua paipu yoyote ya chuma, zima injini, weka wenzo wa kupangia kimo cha gari chini kabisa, legeza skrubu ya kutolea presha kwenye rejuleta kwa mzunguko mmoja hivi, usikie mafuta yakirudi kwenye tangi. Breki za mbele zina akumuleta yake ya akiba, itoe presha pia kwa kukanyaga breki mara nyingi. Uvujaji usiutafute kwa kidole. Mafuta ya bar 150 yakitoka kwenye tundu la sindano hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo kama la mbu linaweza kusababisha mkono ukatwe. Tumia kipande cha kadibodi. Na usiingie chini ya gari lililosimama kwa presha yake peke yake. Litashuka, na halitoi taarifa.

Kubadili tairi ni burudani, kwa kuwa jeki haihitajiki. Injini ikiwa inaunguruma, pandisha wenzo juu kabisa, gari linainuka. Chomeka kigingi chake cha ubavuni, rudisha wenzo chini kabisa, na gari likijaribu kulala magurudumu ya upande ule yananyanyuka yenyewe. Nyuma lazima utoe madigadi kwanza. Imeshikwa na bolti moja tu. Nafasi kati ya magurudumu ya nyuma ni pungufu kwa sentimita 20 kuliko ya mbele, hiyo ni kawaida, ekseli haijapinda. Imewahi kupelekwa kunyooshwa.

Anayetaka kununua moja kutoka Ulaya, ushauri wetu ni ID au DS yenye gia za mkono na klachi ya kawaida, ya kuanzia 1967, yaani ya kijani. Gia za haidroliki zinapendeza, wenzo wake mmoja unawasha injini na kubadili gia, lakini kuzipangilia kunahitaji kitabu na uvumilivu. Haidroliki isikutishe kuliko kutu: inua zulia, gonga visanduku vya chuma chini ya milango na sehemu ya nyuma vinapoungana na sakafu. Bodi ya nje ni ya kufungua na kufunga kwa bolti, paa la nyingi ni faiba, kwa hiyo gari linaweza kung'aa huku mifupa imeoza.

Msomaji atauliza haya yanamhusu nini asiyekuwa na DS. Yanamhusu mwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 100, hayo mashangingi ya VX yaliyoletwa yakiwa na mfumo wa AHC, yenye swichi ya kupandisha na kushusha gari. Ni mjukuu wa wazo lilelile: silinda za mafuta, matufe ya gesi yenye kiwambo, vali za kurekebisha kimo. Tofauti ni kwamba pampu ni ya umeme, kuna kompyuta, na springi za chuma zimebaki, tosheni (fimbo za chuma zinazojisokota) mbele na koili nyuma, zikigawana mzigo na mafuta.

Kwa hiyo magonjwa ni yaleyale. Gari likianza kudunda, fundi anang'oa AHC yote na kufunga shokapu za kawaida. Anachosahau ni kwamba springi za gari hilo ni laini kuliko za VX isiyo na AHC, kwa sababu zilihesabiwa kusaidiwa na mafuta. Gari linakaa chini, linagonga kwenye matuta, mwenye gari anaambiwa anunue springi, kisha tosheni. Mwisho wa siku amelipa zaidi ya gharama ya matufe manne.

Kabla ya kung'oa, pima. Tangi la AHC lina mistari ya kiwango ubavuni. Egesha mahali tambarare, washa injini, pandisha gari hadi kimo cha juu kabisa, soma mstari. Shusha hadi kimo cha chini kabisa, soma tena. Mafuta yaliyokuwa kwenye silinda na matufe yanarudi, kiwango kinapanda. Matufe mapya hutoa tofauti ya takriban mistari 14. Ikiwa chini ya 7, gesi imeisha, badilisha matufe. Ikiwa 10 au zaidi na gari bado linadunda, matufe hayana kosa. Springi zimechoka na mafuta yanabeba mzigo usio wake. Kaza bolti za tosheni kidogo kidogo huku ukipima kimo pande zote mbili, na nyuma weka koili mpya. Kisha badili mafuta: kopo la lita 2.5 la mafuta ya AHC yenyewe, bomba la plastiki kwenye nipeli ya kutolea mafuta ya kila gurudumu, moja baada ya jingine, akumuleta mwisho, na tangi liongezwe kabla halijafika MIN, la sivyo pampu itanyonya hewa na utaanza upya. Mafuta ya breki, hata hapa, hapana.

Mwisho, picha mliyoitoa mliiandika kuwa ni DS ya 1955. Taa zake nne za mbele ziko nyuma ya kioo. Sura hiyo ilianza Septemba 1967. Ya 1955 ina taa mbili za duara zilizo wazi. Tunaomba msahihishe.

Mafundi wa haidroliki,
Dar es Salaam